Kifaa cha zamani cha GPS cha pikipiki: namna ya kukikagua, kukihuisha na kukitumia kwa usalama

Vifaa vya GPS vilivyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya pikipiki vimekuwepo sokoni kwa takriban miongo miwili. Kampuni za Garmin na TomTom zilitoa mifano yao ya mwanzo ya aina hiyo, zūmo 550 na Rider, katikati ya miaka ya 2000, na mingine mingi imefuata. Kwa kuwa vilijengwa kustahimili mvua, vumbi na mtikisiko, vingi kati ya vifaa vya miaka hiyo bado vinawaka na kuonesha ramani. Baadhi hubadilisha mikono na kufika kwa watumiaji wapya bila kitabu cha maelekezo wala kebo yake ya awali.

Uzima wa kifaa, hata hivyo, hauhakikishi usahihi wa taarifa zake. Mhudumu anayepeleka dawa kijijini au mwananchi anayemkimbiza mgonjwa usiku hana nafasi ya kugundua njiani kwamba barabara, kivuko au jina la eneo lililo kwenye skrini ni la miaka 10 iliyopita. Makala haya yanaeleza sehemu za kifaa zinazozeeka, zinazoweza kuhuishwa, na mambo ambayo mtumiaji anapaswa kuyahakiki mwenyewe kabla ya kuanza safari.

Namna kifaa kinavyofanya kazi

GPS ni mfumo wa setilaiti unaomilikiwa na Serikali ya Marekani na kutolewa bila malipo kwa watumiaji wa kiraia duniani kote. Umeundwa kuwa na setilaiti zisizopungua 24, zinazoizunguka dunia kwa umbali wa takriban kilomita 20,200 kutoka usawa wa ardhi. Kila setilaiti hutangaza muda na mahali ilipo. Kifaa hupokea matangazo ya setilaiti nne au zaidi, hupima muda uliotumika kwa mawimbi kufika, kisha hukokotoa mahali kilipo.

Kifaa hiki hupokea tu mawimbi ya setilaiti. Hakizitumii taarifa yoyote. Kwa sababu hiyo hakihitaji laini ya simu wala kifurushi cha intaneti ili kujua mahali kilipo, na hii ndiyo faida yake kubwa katika maeneo yasiyo na mtandao. Ni tofauti na kifaa cha kufuatilia mwenendo wa chombo cha usafiri, ambacho hutuma taarifa kwa mtu mwingine kupitia mtandao wa simu.

Ni muhimu kutenganisha sehemu tatu za kifaa. Ya kwanza ni kipokezi, kinachopata mahali kilipo kutoka kwenye setilaiti. Ya pili ni programu ya ndani, inayotafsiri taarifa hizo na kuchagua njia. Ya tatu ni ramani, ambayo ni picha ya nchi kama ilivyokuwa siku ilipotengenezwa. Kipokezi huweza kudumu miaka mingi. Programu huhitaji marekebisho mara chache. Ramani huanza kuchakaa siku barabara mpya inapofunguliwa.

Kwa nini ramani huchakaa haraka

Mabadiliko ya nchi katika kipindi cha miaka 15 iliyopita yanatosha kueleza tatizo. Ramani iliyotengenezwa mwaka 2010 haina mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, iliyoanzishwa mwaka 2012, wala mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016. Mtumiaji anayetafuta mahali kwa kuanza na jina la mkoa ataambiwa kwamba mkoa huo haupo, ilhali mji anaoutafuta umo kwenye ramani chini ya mkoa wa zamani.

Jijini Dar es Salaam, Daraja la Nyerere linalounganisha Kurasini na Kigamboni lilifunguliwa Aprili 2016, na Daraja la Tanzanite lilifunguliwa mwaka 2022. Jijini Dodoma, Mji wa Serikali wa Mtumba ulizinduliwa mwaka 2019. Katika Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria, Daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa takriban kilomita 3 lilizinduliwa Juni 19, 2025, na kuunganisha wilaya za Misungwi na Sengerema ambako kwa miaka mingi wasafiri walitegemea kivuko. Kifaa chenye ramani ya zamani kitaendelea kumwelekeza mwendeshaji kwenye kivuko, au kitamzungusha ghuba nzima kama kimepangwa kukwepa vivuko.

Vilevile, Operesheni ya Anwani za Makazi iliyofanyika mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 23 mwaka huo, ilizipatia barabara na mitaa mingi majina na nyumba namba. Ramani zilizotengenezwa kabla ya hapo haziwezi kuwa na majina hayo. Mtumiaji anayepewa anwani ya makazi na kuiandika kwenye kifaa cha zamani asitarajie kuipata. Njia iliyo salama ni kuitafuta anwani hiyo kwenye mfumo wa kidijitali wa NaPA kupitia simu, kuchukua kodineti za mahali husika, kisha kuziingiza kwenye kifaa.

Hatua ya kwanza: kutambua umri wa kifaa na ramani

Kabla ya kubadilisha chochote, mtumiaji anashauriwa kufungua sehemu ya mipangilio na kuandika pembeni mambo manne: mfano wa kifaa, namba ya utambulisho wake, toleo la programu ya ndani, na jina pamoja na mwaka wa ramani iliyomo. Katika vifaa vingi taarifa hizo hupatikana kwenye ukurasa wa maelezo kuhusu kifaa na kwenye orodha ya ramani.

Mwaka wa ramani ndio taarifa muhimu kuliko zote. Ni vema kuuandika kwenye karatasi ndogo na kuubandika nyuma ya kifaa. Mwendeshaji anayejua kwamba ramani yake ni ya mwaka 2014 atajihadhari anapofika katika eneo lililojengwa baada ya mwaka huo. Asiyejua ataiamini skrini hadi barabara itakapoishia kwenye uzio.

Tarehe isiyo sahihi na hesabu ya wiki 1,024

Baadhi ya wamiliki wa vifaa vya zamani hukuta tarehe kwenye skrini imerudi nyuma kwa karibu miaka 20. Hali hiyo ina sababu inayojulikana. Mfumo wa GPS huhesabu wiki, na katika muundo wake wa awali nafasi ya hesabu hiyo hutosha wiki 1,024 pekee, sawa na takriban miaka 19 na miezi 7. Zikitimia, hesabu hurudi sifuri. Ilitokea mara ya kwanza Agosti 1999, mara ya pili usiku wa Aprili 6, 2019, na inatarajiwa kutokea tena Novemba 2038.

Kifaa ambacho programu yake haikurekebishwa huweza kuendelea kuonesha mahali kwa usahihi huku kikitoa tarehe isiyo ya kweli. Kosa hilo huharibu kumbukumbu za safari zinazohifadhiwa kwa tarehe, jambo lenye uzito kwa mtu anayezitumia kuandaa taarifa ya kazi au kudai gharama za mafuta. Tiba yake ni kuweka toleo la mwisho la programu ya ndani lililotolewa na mtengenezaji. Pale ambapo hakuna toleo linalorekebisha kosa hilo, kifaa kitumike kwa kuongoza njia tu, na tarehe za safari ziandikwe kwenye daftari.

Saa nayo huhitaji kukaguliwa. Tanzania hutumia saa ya Afrika Mashariki, iliyo mbele ya saa ya kimataifa kwa saa tatu. Ikumbukwe pia kwamba muda wa kufika unaooneshwa kwenye skrini hufuata mtindo wa saa 24: 14:00 ni saa nane mchana.

Kuhuisha programu na ramani za mtengenezaji

Kwa vifaa vya Garmin, kazi hii hufanyika kwa kompyuta kupitia programu ya Garmin Express. TomTom nayo ina programu zake za kompyuta, na inayohitajika hutegemea umri wa kifaa. Programu hizo hupakuliwa kwenye tovuti rasmi ya mtengenezaji pekee. Hatua zifuatazo hupunguza uwezekano wa kuharibu kifaa:

1. Chaji betri ya kifaa hadi ijae. Tumia kompyuta mpakato yenye chaji ya kutosha ili umeme ukikatika kazi isikatike.

2. Tumia kebo ya USB inayopitisha taarifa. Kebo nyingi za bei nafuu huchaji tu, na kompyuta haitakiona kifaa hata kama taa yake inawaka. Vifaa vya miaka ya mwanzo hutumia kebo yenye kichwa cha mini, ambacho ni tofauti na vichwa vya simu za sasa.

3. Nakili kwenye kompyuta maeneo na safari zote zilizohifadhiwa. Katika vifaa vingi vya Garmin huwa ndani ya folda yenye jina GPX. Hatua hii isirukwe, kwa kuwa zahanati, visima na vivuko vilivyowekewa alama kwa miaka kadhaa haviwezi kununuliwa dukani.

4. Weka kwanza toleo jipya la programu ya ndani, kisha ramani. Usichomoe kebo kabla kompyuta haijatoa taarifa kwamba kazi imekamilika.

5. Washa kifaa nje, mahali penye anga wazi, na ukijaribu kwenye njia unayoifahamu kabla ya kukitegemea safarini.

Faili za ramani ni kubwa, hivyo ni nafuu kuzipakua mahali penye intaneti isiyopimwa kwa kifurushi. Tatizo la kawaida ni nafasi: ramani mpya huweza kuwa kubwa kuliko kumbukumbu ya ndani ya kifaa cha zamani. Suluhisho ni kuchagua eneo dogo linalohitajika, au kuweka ramani kwenye kadi ya kumbukumbu.

Kadi hizo nazo zina vizazi. Kadi ya SD ya kawaida hufikia gigabaiti 2. Kadi ya SDHC, iliyoanza mwaka 2006, hufikia gigabaiti 32, na inayozidi hapo huitwa SDXC. Kifaa kilichobuniwa kwa kizazi cha kwanza huweza kushindwa kusoma kadi za vizazi vilivyofuata, hata kama zinaingia kwenye tundu lake bila shida. Ni busara kusoma maelezo ya kifaa kabla ya kununua kadi kubwa.

Ramani mbadala baada ya mtengenezaji kusitisha huduma

Hufika wakati mtengenezaji huacha kutoa ramani kwa mfano fulani. Kwa vifaa vingi vya Garmin huo si mwisho, kwa kuwa hupokea pia ramani zilizotengenezwa na wengine katika muundo unaokubalika. Chanzo kikubwa cha ramani za bure ni OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambamo watu wa kujitolea huchora barabara, majengo na mito ya dunia nzima na kuruhusu taarifa hizo kutumiwa na yeyote.

Tanzania imenufaika na kazi hiyo. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza jijini Dar es Salaam mwaka 2015, uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wananchi kuchora mitaa, mifereji na majengo ili kusaidia maandalizi dhidi ya mafuriko, na matokeo yake yakaingizwa kwenye OpenStreetMap. Kwa wasafiri wa masafa marefu ipo pia Tracks4Africa, ramani ya kulipia iliyoanzishwa Afrika Kusini, inayokusanya taarifa za barabara za bara la Afrika kutoka kwa wasafiri wenyewe.

Ramani ya aina hii kwa kifaa cha Garmin kwa kawaida huja kama faili lenye jina gmapsupp.img, linalowekwa ndani ya folda iitwayo Garmin kwenye kadi. Vifaa vingi vya zamani husoma faili moja tu lenye jina hilo hasa. Likibadilishwa jina, ramani haitaonekana. Baada ya kuiweka, mtumiaji afungue orodha ya ramani na kuzima ile ya zamani ya eneo hilohilo, vinginevyo moja itaifunika nyingine na mabadiliko hayataonekana. Vifaa vya TomTom vimefungwa zaidi kwenye ramani za mtengenezaji, na njia hii kwa kawaida haifai kwake.

Ramani za wizi zinazouzwa kwa bei ya chini ziepukwe. Mbali na kukiuka hakimiliki, mnunuzi hana namna ya kujua mwaka wake wala yaliyomo ndani ya faili.

Kodineti: mahali panapozaliwa makosa makubwa

Kwa kuwa anwani nyingi hazimo kwenye ramani za zamani, mtumiaji hulazimika kuingiza kodineti. Kazi hii ni rahisi, lakini ina mitego minne inayoweza kumpeleka mtu mbali na alikokusudia.

Mtego wa kwanza ni mtindo wa kuandika. Nyuzi moja ina dakika 60, hivyo nyuzi 6 na dakika 30 ni sawa na 6.5 kwa desimali. Mtu akiandika 6.30 katika kifaa kilichopangwa kwa desimali, atapelekwa nukta iliyo takriban kilomita 22 kaskazini mwa alikokusudia. Kwa mwendeshaji anayefuata zahanati, umbali huo unaweza kuwa ng'ambo ya mto. Anayetuma kodineti kwa simu na anayezipokea wahakikishe kwamba wanatumia mtindo mmoja.

Mtego wa pili ni herufi ya kusini. Tanzania yote ipo kusini mwa ikweta, hivyo latitudo lazima iwe na herufi S au alama ya kutoa. Kodineti za Dodoma zikiandikwa kama za kaskazini huangukia kusini-magharibi mwa Ethiopia. Kifaa kikionesha umbali wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa safari ya wilaya jirani, hilo ndilo jambo la kwanza la kukagua.

Mtego wa tatu ni kanda za gridi ya UTM, zinazotumika sana katika kazi za upimaji. Tanzania ipo katika kanda tatu: Kigoma mjini ipo kanda ya 35, Mwanza, Mbeya na Dodoma kanda ya 36, na Arusha, Morogoro na Dar es Salaam kanda ya 37. Mpaka wa kanda mbili za mwisho ni longitudo ya nyuzi 36 mashariki, inayopita kati ya Dodoma na Morogoro. Namba zilezile zikiwekwa kwenye kanda isiyo yake hupeleka mahali palipo umbali wa zaidi ya kilomita 600.

Mtego wa nne huwapata wanaosoma ramani za karatasi. Ramani za zamani za topografia za Tanzania, zenye skeli ya 1:50,000, zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, wakati GPS hutumia WGS 84. Nukta ileile ikisomwa kwa misingi hiyo miwili hutofautiana kwa takriban mita 300. Kifaa kinachoruhusu kuchagua msingi wa vipimo kipangwe kulingana na ramani inayosomwa, kisha kirejeshwe WGS 84 baada ya kazi.

Mipangilio inayobadilisha njia

Kifaa hufuata mipangilio iliyowekwa, hata ile iliyowekwa na mmiliki wa kwanza katika nchi nyingine. Mpangilio wa kukwepa barabara zisizo na lami, unaofaa kwa nchi nyingi za Ulaya, huweza kumzungusha mwendeshaji wa Tanzania mamia ya kilomita kwenda kijiji kilicho karibu. Mpangilio wa njia fupi zaidi nao huweza kumpitisha kwenye vichochoro vya waenda kwa miguu. Kwa matumizi ya kawaida, mpangilio wa njia ya haraka hufaa zaidi, na aina ya chombo iwe pikipiki pale inapopatikana.

Vifaa vingi vya zamani vina pia mpangilio wa kupokea masahihisho ya WAAS au EGNOS. Mifumo hiyo ilijengwa kwa ajili ya Amerika Kaskazini na Ulaya, na haihudumii Afrika Mashariki. Kuuzima hakuna hasara kwa mtumiaji wa hapa nchini, na hupunguza matumizi ya betri.

Aidha, mtumiaji atofautishe njia iliyopangwa na alama ya mapito. Njia iliyopangwa ni orodha ya vituo, na kifaa hukokotoa upya namna ya kuvifikia kwa kutumia ramani yake. Alama ya mapito ni mstari wa mahali ambapo mtu amekwisha kupita. Mtu akimtumia mwenzake njia iliyopangwa, kifaa chenye ramani ya zamani huweza kuchora njia nyingine kabisa. Akimtumia alama ya mapito katika faili la GPX, mstari hubaki palepale hata kama ramani iliyo chini yake haina barabara hiyo. Kwa kifaa cha zamani, alama ya mapito ya mtu aliyepita karibuni huwa na manufaa kuliko ramani yenyewe.

Betri, umeme na maji

Kifaa kilichokaa miezi kadhaa bila kuwashwa huchelewa kupata setilaiti, kwa sababu taarifa zake kuhusu mahali zilipo setilaiti zimepitwa na wakati. Taarifa kamili hutangazwa katika mzunguko wa dakika 12 na nusu. Kiwekwe mahali penye anga wazi, bila kusogezwa, kwa dakika 15 hadi 20 kabla ya kuhukumiwa kwamba ni kibovu.

Betri ya ndani ni ya lithiamu na hupungua nguvu kwa miaka. Dalili ya hatari ni kuvimba: kifuniko kikiinuka au skrini ikisukumwa, kifaa kizimwe na betri itolewe na fundi. Isitobolewe wala kutupwa motoni. Kifaa kisichotumika kwa muda mrefu kihifadhiwe kikiwa na chaji ya nusu, mahali pakavu na penye ubaridi, na kisiachwe juani juu ya pikipiki iliyoegeshwa.

Waya wa umeme kutoka kwenye pikipiki uwe na fyuzi na uungwe mahali panapopata umeme tu swichi inapofunguliwa. Ukiungwa moja kwa moja kwenye betri, kifaa huweza kunyonya chaji usiku kucha na kuiacha pikipiki ikishindwa kuwaka asubuhi. Pini za kishikio zisafishwe kwa kitambaa kikavu, kwa kuwa kutu na vumbi ndivyo hukata umeme pikipiki inapotikisika.

Vifaa vingi vya pikipiki vilitoka kiwandani vikiwa na kiwango cha IPX7, yaani uwezo wa kuhimili kina cha mita 1 ya maji kwa dakika 30. Kiwango hicho hupimwa kifaa kikiwa kipya. Mipira inayozuia maji hukakamaa na kupasuka kadiri miaka inavyopita, hivyo kifaa cha zamani kifunikwe wakati wa masika hata kama maandishi ya nyuma yanasema kinahimili maji.

Kifaa cha zamani au simu

Simu ya kisasa yenye ramani zinazofanya kazi bila intaneti huweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hizi, na ramani zake huhuishwa kwa urahisi zaidi. Hata hivyo, kioo cha kifaa cha zamani cha pikipiki mara nyingi hujibu mgandamizo, hivyo hufanya kazi hata mwendeshaji akiwa amevaa glavu. Pia, kampuni ya Apple ilitahadharisha mwaka 2021 kwamba mtikisiko mkali wa injini ya pikipiki unaweza kudhoofisha kamera za simu zake. Utaratibu unaofaa ni kuvitumia vyote viwili: kifaa kwenye usukani kwa kuongoza, na simu mfukoni kwa kuhakiki anwani mpya, ikitumika pikipiki ikiwa imesimama.

Anayenunua kifaa kilichotumika akiwashe mbele ya muuzaji, ahakikishe hakijafungwa kwa namba ya siri, apate kishikio na kebo yake, na aangalie mwaka wa ramani. Haki ya kuhuisha ramani kwa maisha ya kifaa, pale ilipokuwepo, hufungamanishwa na namba ya utambulisho ya kifaa husika na haihamishiki kwenda kingine. Anayeuza naye afute safari zake na alama ya nyumbani, ili mgeni asiongozwe hadi mlangoni kwake.

Ukaguzi wa mara kwa mara

Kila kabla ya safari: tarehe na saa, mtindo wa kodineti, chaji, na uimara wa kishikio. Umbali na mwelekeo unaooneshwa ulinganishwe na ule unaofahamika na wenyeji.

Kila miezi mitatu: kunakili maeneo na safari zilizohifadhiwa, kusafisha pini, na kukagua betri na mipira.

Kila mwaka, ikiwezekana kabla ya masika: kutafuta toleo jipya la programu na ramani, na kubadilisha karatasi ya mwaka wa ramani iliyobandikwa nyuma.

Kifaa kinachopoteza mahali mara kwa mara kikiwa kwenye anga wazi, kinachozima kikitikiswa, au kilichovimba betri isiyobadilishika, kisitumike tena kuongoza safari. Kipelekwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, na kisichanganywe na taka za nyumbani.

Kifaa kilichokaguliwa na kuhuishwa bado hakijui kwamba mto umejaa asubuhi ya leo, au kwamba daraja la mbao la kijiji limesombwa na maji. Barabara za udongo hubadilika kwa msimu, na taarifa hizo hubaki kwa wanaozipita kila siku. Kabla ya kuingia katika barabara asiyoifahamu wakati wa mvua, mwendeshaji asimame na kuwauliza wakazi au viongozi wa kijiji, hata kama skrini inaonesha kwamba njia ipo wazi.